Kuamshwa kwa Bi. Mwantumu

Hatibu aliingia wodini amevaa kanzu, na mtu akija wodi ya vichwa na kanzu asubuhi ya siku ya kazi, mimi hujua anachotaka kabla hajafungua mdomo. Mtu huyo hajaja kutazama mgonjwa. Amekuja kuomba kauli ya mwisho.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mama yako yupo kitanda cha dirishani. Kamwangalie kwanza, kisha njoo tuongee."

Hakwenda kumwangalia. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, akiizungusha. Ni mwanamume mrefu wa makamo, fundi umeme wa reli, na mikono yake imejaa makovu madogo madogo ya kuungua. Mama yake, Bi. Mwantumu, alikuwa nasi tangu wiki iliyopita. Toroli la mizigo, haya yasiyo na dereva, lilimpiga kumbo njia panda, akaanguka na kugonga kisogo kwenye ukingo wa barabara. Hakuvunjika hata kidole. Alizimia tu, na mpaka siku hiyo hakuwa ameamka.

"Nataka aamshwe," akasema Hatibu.

"Najua."

Mimi si mwanamke wa kuzungusha maneno. Nimezaliwa Tanga hii hii, nikalelewa na bibi asiyejua kubembeleza, na kazi imeniongezea ukali. Zamani mtu akipigwa kichwani akazimia, ndugu walikaa wakasubiri. Akiamka, alhamdulillahi. Asipoamka, alikwenda na maneno yake, na waliobaki walijifunza kuishi bila kuyasikia. Siku hizi tuna kiamshi, kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, chenye sindano ndefu nyembamba inayopitishwa kisogoni mpaka kwenye shina la ubongo. Mgonjwa anafumbua macho, anaongea kama nusu saa hivi, halafu karibu wote wanakufa. Watu wamekizoea mno. Kuna aliyeamshwa akataja mtoto wa nje mbele ya mkewe. Kuna aliyeamshwa akatoa talaka tatu, akafa, na mkewe akabaki si mjane. Hata hivyo, siku hizi matangani wakisikia marehemu hakuamshwa, wanaulizana pembeni kulikuwa na nini cha kufichwa.

Sheria ya Kauli inamruhusu ndugu wa damu kuomba, ikiwa matumaini ya mgonjwa kuamka mwenyewe ni chini ya nusu na ndugu wengine hawapingi. Mimi daktari naweza kukataa kutumia mkono wangu. Siwezi kuwazuia wasimpeleke kwa daktari mwenye mkono mwepesi kuliko wangu.

"Unajua kilichotokea kichwani mwa mama yako?" nikamuuliza.

"Amepigwa."

"Wengi wamepigwa na wanatembea. Kaa hapo."

Akakaa. Nikamweleza kwamba ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo asetilikolini. Ikiwa kwa kiasi chake, ndiyo inayotuweka macho. Ndiyo inayokufanya ugeuke ukiitwa jina lako. Kichwa kikigongwa, seli chungu nzima huimwaga yote kwa mara moja. Chini kule kwenye shina la ubongo kuna kundi la seli ambazo kazi yake ni kupima, na zikiona imefurika huzima kila kitu. Watu wanadhani aliyezimia amepungukiwa na kitu, kumbe kimemzidi.

"Fyuzi," akasema Hatibu.

"Ndiyo, fyuzi. Na nyuma yake inakuja kemikali nyingine, glutamati, hiyo mbaya zaidi. Inaacha milango ya seli wazi, chumvi za nje zinaingia ndani na za ndani zinatoka nje. Kila seli inataka sukari nyingi ili ifunge milango na kusafisha. Mama yako unayemwona amelala, hajalala. Sukari yake yote ipo kazini."

"Na kiamshi?"

"Kiamshi kinarudisha fyuzi kwa nguvu. Dawa yake asili yake ni mnanaha, mmea huu huu wa sumu unaoota majalalani, wamekwenda kuusafisha viwandani. Inaziziba zile seli zinazopima, basi zinadhani mafuriko yamekwisha, mtu anafumbua macho. Lakini kila neno analotamka linakula sukari ya kujitengeneza. Wewe ni fundi. Fyuzi ikikatika ukairudisha kabla hujatafuta hitilafu, inakuwaje?"

Akatazama makovu yake. "Nyumba inaungua."

"Basi umenielewa."

"Nimekuelewa, Daktari. Nataka aamshwe."

Nilikasirika, sifichi. Nilitaka kumwambia aende akavue kanzu yake kwanza. Lakini kabla sijapata la kusema, yeye akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama hana radhi nami."

Akanisimulia. Baba yake, Mzee Kibwana, alianguka kutoka paa la msikiti mwaka jana, akapoteza fahamu. Walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na baba mdogo, na baraza lilikuwa likae wiki ile ile. Mama alikuwa hospitali siku zote zile, haondoki. Jioni moja akaenda nyumbani kuoga na kupika uji. Hatibu, mtoto wa kwanza, akaomba baba aamshwe pale pale. Mzee akaamka, akaulizwa mpaka, akasema ni mfereji. Kisha akauliza, "Mwantumu yuko wapi?" Wakamwambia anakuja. Bi. Mwantumu akarudi na chupa ya uji, akakuta shuka imefunika uso.

"Aliniuliza neno moja tu," Hatibu akasema. "Aliuliza, 'Aliniulizia?' Nikasema ndiyo. Basi akaniambia mbele ya watu kwamba radhi yake sina, duniani na akhera, na maziwa aliyoninyonyesha hanihalalishii."

Huku kwetu laana ya mama haiondolewi na sheikh, wala na ng'ombe wa sadaka. Huondolewa na kinywa kile kile kilichoitoa. Mama hutia maji kinywani, akamtemea mwanawe kichwani na kifuani, akasema nimekusamehe. Bila hivyo mwana anatembea na laana yake mpaka kaburini, akawaachia na wanawe. Wasomi wenzangu huyacheka mambo haya mchana, wakiwa wengi. Mimi nimesoma na sicheki.

"Mwezi ule ule mimba ya mke wangu iliharibika," Hatibu akaendelea. "Sasa ana nyingine, imekaribia. Haniambii kitu, anakaa tu ameshika tumbo. Mama akifa hajanitemea maji, Daktari, yule mwanamke atazaa kwa hofu, kama atazaa."

"Mimba huharibika kwa sababu mia. Hakuna hata moja yenye masikio."

"Hayo umesema wewe. Aliyenilaani ni mama."

"Kuna jambo jingine," nikamwambia. "Pigo la namna hii hufuta. Siwezi kukuahidi atakumbuka nini."

"Mama anaweza kusahau kuswali. Hilo hawezi kulisahau." Akavaa kofia yake. "Mwenye kovu usidhani kapoa, Daktari. Kila Ijumaa nimekwenda kumpa salamu, na kila Ijumaa ameniitikia kwa kunipa mgongo."

*

Saumu, dada yake, alikuwa kitandani kwa mama, anampaka mafuta ya nazi miguuni. Huyu ndiye aliyekuwa anaishi naye. Ni mshonaji, mdogo wa umbo, na tangu mama yake aletwe sijamwona akila kitu zaidi ya chai. Alipotuona hakuinua kichwa.

"Usiniambie, kaka. Nimeiona kanzu."

"Saumu..."

"Ulimmaliza baba, sasa umekuja kummaliza na huyu. Ngoja basi nimalizie mguu."

Nikaona bora niseme mimi. Nikamwambia Saumu ukweli ulivyo: kati ya watatu walioumia kama mama yake, mmoja huamka mwenyewe, pengine na kasoro, pengine bila. Wawili hawaamki.

"Huyo mmoja si mtu?" akasema Saumu.

"Na hao wawili?" akauliza Hatibu. "Huyo mmoja akiwa siye mama? Atakwenda hivi hivi?"

"Ataenda kama alivyotaka. Arobaini ya baba aliniambia, mimi nikizimia niacheni nizimie. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Hamkunialika."

"Basi nakwambia leo."

Kisheria maneno yale hayakuwa na nguvu, kwa sababu Bi. Mwantumu hakuyasema mbele ya msajili. Sikulitaja hilo. Kuna wakati sheria ni kitu cha aibu kukitamka mbele ya mtu anayepaka mama yake mafuta. Ilitosha Saumu apinge, nami ningepata sababu ya kukunja mikono yangu. Nilimwombea kimoyomoyo apinge.

Hatibu hakubishana tena. Alipiga magoti sakafuni, si kwa dada yake, ila kuelekea kitandani. "Sitamuuliza kitu safari hii," akasema. "Wallahi, Saumu, sina ninachotaka kujua. Shamba lile nimemwachia baba mdogo lote. Nataka tu anione nimepiga goti, afanye atakavyo."

Saumu alifunika miguu ya mama yake. Alichukua muda mrefu kuiweka sawa ile shuka.

"Unajua siku ile alikuwa anakwenda wapi?" akauliza.

"Sokoni."

"Sokoni bila kikapu? Alitoa kanga mpya sandukuni, akaoga, akaniambia, 'Nakwenda kwa yule mjinga. Mkewe atazaa na mimi bado nimefunga mdomo.' Alikuwa anakuja kwako, kaka." Akajifuta mafuta viganjani, akaendelea bila kumtazama. "Nimekuwa najua siku zote hizi. Sikukwambia kwa sababu nilitaka ufe na laana yako. Nilikuwa nakaa hapa nasema, na asijue. Na asijue kamwe."

Hatibu akaweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda, akalia. Mtu mzima akilia hivyo wodini, wagonjwa wanaojiweza hugeukia ukutani, nao wakageuka. Saumu alimwacha alie. Uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa umechoka tu.

"Daktari," akaniambia, "alikuwa njiani. Kama alitoka kwa miguu yake kwenda kumsamehe, mimi ni nani nimzuie asifike?"

Hapo ndipo nilipokosa pa kusimamia. Kumwamsha mtu ili aulizwe mpaka wa shamba, ningekataa hata kwa bakora. Lakini kumwamsha amalize safari aliyoianza akiwa na akili zake timamu? Na upande wa pili wa mizani kulikuwa na yule mmoja kati ya watatu, mwanamke hai, anapumua, ngozi yake inang'aa mafuta ya nazi. Niliwaza kama wanavyowaza wao, nikawaza kama daktari, na kila njia ilinirudisha pale pale. Nikasema baada ya adhuhuri. Wakaweka vidole vyao kwenye kioo cha Sheria, kaka kwanza, dada baadaye.

Mdoe, muuguzi wangu, alikuwa anaandaa sindano. Tumefanya kazi pamoja tangu kiamshi kilipoingia, na ni mtu asiyependa kusema.

"Dokta, unajua huyu hatarudi," akasema.

"Najua, Mdoe."

"Haya."

*

Tulimwinua mgongo kwa mito, uso ukaelekea mlangoni. Mdoe alileta jagi la maji na kikombe, kama kawaida yetu, kwa sababu mnanaha hukausha mate yote. Mtu huamka ulimi umeganda kinywani. Nikampa Hatibu kikombe ashike.

"Ataomba maji. Mnyweshe kidogo kidogo. Na usimpigie kelele, anasikia vizuri."

Kwenye kioo cha kisanduku kuna mstari wa kijani unaoonyesha sukari ya ubongo. Nikakiwasha, nikaingiza dawa. Kope za Bi. Mwantumu zikatetemeka. Mguu mmoja ukajikunja. Kisha akafumbua macho, mboni zimetanuka mpaka kahawia yake haionekani, akayafumba tena kwa haraka.

"Mbona jua kali hivi?" akasema. "Nani kaacha dirisha wazi?"

Saumu akaruka kushusha pazia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Bi. Mwantumu akafumbua tena, akamtazama mwanawe wa kiume kuanzia kofia mpaka miguu.

"Hatibu. Umekonda, mwanangu. Huyo mkeo anakupikia au anakusimulia chakula?"

Mwaka mzima mama yule alikuwa hajamwita jina. Hatibu akamsogezea kikombe, mama akanywa, akaomba kingine, akanywa, cha tatu akakisukuma kwa mkono.

"Basi, basi. Nimekata kiu, mnataka kunifanya pipa? Hapa hospitali? Nimeanguka?"

"Umeanguka, mama," akasema Saumu.

"Ndiyo maana. Na baba yenu yuko wapi? Msimwache huko nje peke yake anaonea watu haya. Mwiteni."

Mimi nilielewa mara moja. Mwaka mzima ulikuwa umefutika: msikiti, paa, uji, shuka, laana. Ndani ya kichwa cha Bi. Mwantumu Mzee Kibwana alikuwa hai, na Hatibu alikuwa mtoto mwema aliyekonda kidogo. Nilitazama mstari wa kijani. Ulikuwa umeanza kushuka.

Hatibu alipiga goti. "Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Umefanya nini?" Akacheka kidogo. "Radhi zangu unazo tangu siku niliyokuzaa. Inuka huko chini, utachafua kanzu. Nenda kamwite baba yako."

Alikuwa amezipata. Kwa masikio yangu nilizisikia. Saumu alimkodolea kaka yake macho, na macho yale yalisema chukua, nyamaza, ondoka. Kisha akamwambia mama yake kwa sauti laini, "Baba anaswali, mama. Akimaliza atakuja."

"Haya. Asichelewe."

Nilimshika Hatibu bega, nikamwinamia sikioni. "Amekupa. Mwache amalize muda wake na furaha yake."

"Amempa mtu mwingine," akaninong'oneza. "Hajui kosa. Hii nitakuwa nimeiiba."

"Iibe."

Akageuza uso akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa na hasira nami. "Na akifika huko akamkuta baba, Daktari? Baba akamweleza? Huko nitamfuataje, nikamwombe tena?"

Nikauondoa mkono wangu begani mwake. Swali hilo hawatufundishi chuoni.

Akamwambia. Alimwambia yote, ameushika mkono wake, bila kujipunguzia hata kidogo: paa la msikiti, kesi, kiamshi, mfereji. Saumu alisema "kaka, kaka," mara mbili. Bi. Mwantumu alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtaa wa pili. Halafu sura yake ikaanza kubadilika, taratibu, kuanzia mdomoni.

"Lini?"

"Mwaka jana, mama."

"Nilimzika?"

"Ulimzika."

Akamgeukia Saumu. "Nililia?"

"Ulilia, mama. Ulilia sana."

"Hata silikumbuki kaburi lake," akasema Bi. Mwantumu, na sasa machozi yalikuwa yanataka kuja lakini dawa ilikuwa imeyakausha. Macho yake mapana yalibaki makavu, mekundu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo bila shaka ndiyo aliyoulizia mara ya kwanza, "Aliniulizia?"

Hatibu akatikisa kichwa kukubali.

Mkono wa mama ukachomoka kwenye mkono wake. Ukapanda polepole, ukapita shingoni, ukagusa plasta kisogoni, ukaufuata waya mpaka kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya mto. Alikipapasa pembe zake zote.

"Na mimi mmeniamsha," akasema.

Hakuwa anauliza. Akamtafuta binti yake kwa macho. "Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali, mama," akasema Saumu. "Ulikuwa unakwenda kwake. Siku uliyoanguka, ulikuwa unakwenda kumsamehe. Uliniambia mwenyewe."

"Sikumbuki," akasema Bi. Mwantumu.

"Uliniambia, mama. Wallahi."

"Basi alikuwa mtu mwema kuliko mimi, huyo."

Mstari wa kijani ulikuwa umefika pale unapogeuka manjano. Nje ya pazia wauza kahawa walikuwa wanagonganisha vikombe. Niliutaka ulimwengu wote unyamaze kidogo, na haukunyamaza.

"Maji," akasema Bi. Mwantumu.

Hatibu akamimina, akampa. Mama akakataa kunyweshwa. Akakishika kikombe mwenyewe kwa mikono miwili, akatia maji kinywani, mashavu yakajaa. Sote tulielewa. Hatibu akavua kofia yake, akafungua vifungo vya kanzu kifuani, akainamisha kichwa mpaka kwenye ukingo wa godoro. Mdoe, ambaye ni Mkristo wa Muheza na hajawahi kuniambia anaamini nini, akatazama chini.

Bi. Mwantumu alikitazama kile kichwa. Kilikuwa na mvi chache juu ya masikio, na nadhani hizo nazo hakuwa anazikumbuka. Akanyoosha mkono, akauweka juu yake. Vidole vikatembea kidogo kwenye nywele, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Tulisubiri. Mashavu yake yalikuwa bado yamejaa.

Kisha koo lake likapanda na kushuka. Akameza.

Mkono ukabaki kichwani. Alinigeukia mimi, wala si wanawe. "Wewe mwanamke," akaniambia, "nizime."

Sheria inasema mgonjwa mwenyewe akitamka, daktari hasubiri. Nikazima. Hatibu alikuwa bado ameinama, anasubiri maji.

*

Alikata roho kabla ya alasiri, bila kufumbua macho tena. Mdoe alichomoa sindano, akakifuta kisanduku, akakirudisha kabatini. Mimi nilikwenda kunawa mikono, nikanawa kuliko inavyohitajika. Nilipogeuka Hatibu alikuwa amesimama mlangoni, vifungo vya kanzu bado viko wazi.

"Daktari, ile dawa inakausha kinywa."

"Inakausha."

"Kila anayeamshwa anakuwa na kiu."

"Kila mmoja."

Alitikisa kichwa kama fundi anayepewa vipimo. Vikombe viwili alivimimina yeye mwenyewe, na cha tatu kilisukumwa mbele ya macho yake. Sikuhitaji kumkumbusha.

"Basi niambie ilikuwa kiu."

"Hatibu, mimi sijui. Mkono alikuwekea. Maji aliyameza. Pengine alisahau katikati alichokuwa anafanya, dakika zile za mwisho wengi husahau. Pengine hakutaka. Pengine alitaka akashindwa. Ningejua ningekwambia."

"Sikukuuliza unajua nini." Sauti yake haikupanda. "Mama hayupo wa kuulizwa. Wewe ndiye uliyemwamsha, wewe ndiye uliyemzima. Nakuomba useme tu."

Kazi hii nimeifanya miaka mingi, nimewaambia watu mambo ambayo hakuna mtu anapaswa kuambiwa, na kila mara nilijifariji kwamba angalau sijawahi kumdanganya mtu. Nilikuwa najivunia hilo. Nilimtazama mwanamume yule, makovu yake, kifua chake kikavu, nikaona majivuno yangu hayamsaidii kitu.

"Ilikuwa kiu," nikasema.

"Ahsante, Daktari."

Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akatoka barazani, akampigia mkewe simu. Mlango wa wodi yetu hauzibi sauti. Mimi na Saumu na Mdoe tulimsikia.

"Ameondoka, ndiyo. Inna lillahi. Sikiliza, sikiliza kwanza. Amenitemea. Ndiyo, kichwani na kifuani, kanzu yote imelowa. Mbele ya watu, na Saumu alikuwepo. Usilie, utamuumiza mtoto. Amenisamehe, nakwambia. Mwambie na mama yako."

Saumu alikuwa amechana kitambaa cheupe, anakipitisha chini ya kidevu cha mama yake ili kinywa kisibaki wazi. Alisimama na ncha mbili mikononi, akisikiliza mpaka kaka yake alipomaliza. Kisha akazifunga juu ya utosi, akakaza fundo.